Tuiulize Kahawa: Je, Nchi Maskini ni Maskini kwa Uvivu?



Kila mwaka ninaposahihisha insha za majaribio za kidato cha nne hukutana na sentensi moja inayoniuma. Swali huwa linahusu sababu za nchi nyingi za Afrika kubaki nyuma kiuchumi. Mtahiniwa hutaja mambo mawili matatu, kisha huandika: "Sababu nyingine ni uvivu wa watu wake." Haelezi zaidi wala hatoi mfano. Anahamia aya inayofuata kana kwamba amesema jambo lisilohitaji ushahidi.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Hao huandika kwamba wazungu walituibia kila kitu, kisha huweka nukta. Kwao, habari iliisha siku bendera ya mkoloni iliposhushwa, na hakuna kiongozi wala mwananchi wa leo mwenye la kujibu.

Majibu yote mawili yana kasoro ileile: hayaonyeshi jambo linavyotokea. Nakuomba usome makala haya yote kabla hujachagua upande. Dai langu ni moja. Umaskini wa nchi si sifa ya watu wake, kama vile urefu au rangi ya ngozi. Ni nafasi ambayo nchi hiyo imekalia katika biashara na fedha za dunia. Nafasi hiyo ilitengenezwa, bado inalindwa, na zipo nchi ambazo zimefanikiwa kuihama.

1. Pengo lenyewe

Tuanze na tarakimu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2023, ukigawa pato la Tanzania kwa idadi ya watu wake, unapata takriban dola 1,200 kwa kila mtu kwa mwaka. Ukifanya hivyo kwa Uswisi, unapata karibu dola 100,000. Hiyo ni zaidi ya mara 80.

Ni kweli kwamba bei za vitu hazilingani. Fedha inayokushibisha wali na maharage Morogoro haitoshi kununua chupa ya maji Geneva. Wachumi hulijua hilo, na huwa na njia ya kurekebisha hesabu ili kulinganisha kile ambacho fedha hununua hasa. Wakisharekebisha, pengo hupungua. Hata hivyo halizibiki, kwa kuwa bado hubaki zaidi ya mara 20.

Sasa jiulize: Mswisi anafanya kazi mara 20 zaidi ya Mtanzania? Siku ina saa 24 Geneva na ina saa 24 Moshi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, kukamua ng'ombe na kwenda shambani hawezi kuzidiwa kazi mara 20 na binadamu yeyote. Hata mara 2 ni vigumu.

Branko Milanovic, mchumi aliyefanya kazi Benki ya Dunia kwa miaka mingi, amelichunguza jambo hili kwa kulinganisha kipato cha watu wa nchi mbalimbali. Alichokiona ni kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za kipato kati ya mtu na mtu duniani huelezwa na nchi ambayo mtu anaishi. Bidii ya mtu, elimu yake na bahati yake vyote vinagawana sehemu iliyobaki. Dereva wa basi wa Zürich na dereva wa basi wa Dar es Salaam wanafanya kazi moja, na huenda yule wa Dar es Salaam ana barabara ngumu zaidi. Kinachowatofautisha mfukoni ni mahali walipo.

Kwa hiyo swali la maana si "nani mvivu?" bali ni "mahali hapo pana nini?" Ili kulijibu, tulifuate zao moja tunalolijua vizuri.

2. Safari ya kilo moja ya kahawa

Mimi nililelewa kwenye kihamba, mkoani Kilimanjaro. Kahawa ya arabika huchumwa kwa mkono, punje zilizoiva tu, na kwa kuwa haziivi zote kwa pamoja, mti mmoja hurudiwa mara kadhaa kwa msimu. Zikishachumwa lazima zimenywe upesi, zivundikwe, zioshwe, kisha zianikwe kwa siku nyingi huku zikigeuzwa na kufunikwa mvua inapotishia. Baada ya hapo hupelekwa chama cha msingi, hukobolewa kiwandani, huuzwa, na hupakiwa melini zikiwa kwenye magunia ya kilo 60. Zikiondoka bado ni mbichi. Hazijakaangwa.

Ng'ambo hukaangwa, huchanganywa na kahawa za nchi nyingine, husagwa na kutiwa kwenye pakiti yenye jina zuri. Hapo ndipo thamani inapopanda. Hebu tupige hesabu. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutoa vikombe zaidi ya 100. Katika mgahawa wa Zürich kikombe kimoja huuzwa zaidi ya faranga 4. Maana yake kilo hiyo inaingiza zaidi ya faranga 400 mezani, na faranga moja ina thamani ya zaidi ya dola moja.

Na kilo ya kahawa mbichi je? Katika soko la New York, ambako bei ya arabika ya dunia nzima hupangwa, mwishoni mwa mwaka 2001 kilo moja ilikuwa karibu dola 1. Februari 2025 bei ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia, ikapita dola 8. Hata kwa bei hiyo ya kihistoria, kahawa mbichi ni sehemu ndogo sana ya zile faranga 400. Na bei ya New York si bei anayopewa mkulima. Kabla haijamfikia, hukatwa usafiri, ukoboaji na tozo mbalimbali.

Hapa uwe makini, usije ukaandika kwamba faranga 400 zote ni faida ya mwenye mgahawa. Analipa pango, mishahara, umeme, maziwa na kodi ya serikali. Lakini tazama jambo moja: pango hilo linalipwa Zürich, mishahara hiyo inalipwa Zürich, na kodi hiyo inajenga shule za Uswisi. Gharama za upande mmoja ni ajira za upande huohuo. Sisi tunauza zao, na pamoja nalo tunasafirisha ajira zote ambazo zao hilo lingezizaa.

Uswisi haina hata shamba moja la kahawa la kibiashara. Hata hivyo katika miaka ya karibuni thamani ya kahawa inayouzwa nje na nchi hiyo imezidi ile ya chokoleti na jibini, vitu ambavyo sote tunavijua kuwa fahari yake. Na kakao ya hiyo chokoleti pia hailimwi Uswisi. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana.

Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha nne, kama wewe. Nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada. Mara ya pili nilimkuta baba amekaa chini ya mbuni, akaniambia kwamba kahawa yote ya msimu haikutosha. Nakiri kwamba siku ile nilimdharau. Nilidhani amezembea. Ilichukua miaka mingi kabla sijaelewa kwamba miti ilikuwa ileile, mikono yake ilikuwa ileile, na mavuno hayakuwa mabaya. Kilichobadilika kilikuwa New York. Mkataba wa kimataifa wa kahawa wa mwaka 1962, uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza ili bei isianguke, ulivunjika mwaka 1989. Baada ya hapo kahawa nyingi ikamwagika sokoni kutoka Brazili na Vietnam, na bei ikaporomoka. Mwaka uliofuata baba aling'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya.

Ndiyo maana sentensi ile ya "uvivu" inaniuma. Niliwahi kuiamini, na niliyekuwa nikimhukumu ni baba yangu.

3. Kwa nini tusikaange wenyewe?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama faida iko kwenye kukaanga, si tukaange? Swali ni zuri, na jibu lake si jepesi.

Kwanza, kahawa mbichi hudumu ghalani kwa miezi mingi, lakini ikishakaangwa huanza kupoteza harufu na ladha. Ndiyo maana wakaangaji hupenda kuwa karibu na wanywaji. Pili, pakiti nyingi za Ulaya huchanganya kahawa za nchi tatu nne. Hamburg au Trieste kahawa za dunia yote zinafika bandarini. Moshi inafika ya Moshi tu. Tatu, mnunuzi hununua jina. Makampuni makubwa yametumia miongo kadhaa na fedha nyingi za matangazo kulijenga jina hilo kichwani mwake. Nne, kuna mtaji. Mwenye kiwanda anayekopa benki hapa nchini hutozwa riba ya karibu asilimia 15 kwa mwaka, ilhali mshindani wake wa Ulaya hukopa kwa riba iliyo ndogo zaidi mara kadhaa.

Vipi kuhusu ushuru? Vitabu vingi huandika kwamba nchi tajiri hutoza ushuru mkubwa bidhaa zilizosindikwa na kuziacha malighafi zipite bure. Kwa jumla ni kweli. Umoja wa Ulaya hautozi kitu kahawa mbichi, lakini kiwango chake cha kawaida kwa kahawa iliyokaangwa ni asilimia 7.5. Hata hivyo Tanzania, kwa kuwa ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, imesamehewa ushuru huo tangu mwaka 2001. Kwa hiyo ukiandika kwamba ushuru wa Ulaya ndio unaozuia kahawa yetu isikaangwe nyumbani, utakuwa umekosea. Kinachozuia ni yale manne niliyoyataja. Mlango umefunguliwa, lakini aliyekuwa ndani kwa miaka mia amekwisha kalia viti vyote.

4. Reli iliyoelekea baharini

Viti hivyo vilikaliwaje? Hapa ndipo Historia inapoingia, na inaingia kwa ushahidi, si kwa lawama tupu.

Chukua ramani ya reli za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Uganda ilitoka Mombasa ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Zote zinafanya jambo moja: zinatoka bandarini, zinaingia bara, zinachukua zao na kurudi nalo baharini. Hazikujengwa ili mkulima wa Iringa amuuzie fundi wa Mwanza. Nchini Kenya sheria za kikoloni ziliwazuia Waafrika kulima kahawa kwa miaka mingi ili walowezi wapate vibarua na wasipate washindani.

Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliieleza hoja hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kiini cha hoja yake ni kwamba utajiri wa upande mmoja na umaskini wa upande mwingine ni pande mbili za historia moja.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nchi tajiri nazo hazikuelea zenyewe. Marekani ya karne ya 19 ilitoza ushuru mkubwa bidhaa za viwanda kutoka nje ili viwanda vyake vichanga visimezwe na vya Uingereza. Uingereza yenyewe ilikuwa imefanya hivyo kabla yake. Walipokwisha kukomaa ndipo walipoanza kuwahubiria wengine soko huria.

5. Deni na meza ya kanuni

Kukopa harusi, kulipa matanga. Miaka ya 1970 nchi nyingi changa zilikopa ili zijenge viwanda. Tanzania ilijenga, pamoja na vingine, viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, bei za mazao kama mkonge na kahawa zikashuka, na Marekani ikapandisha riba yake hadi karibu asilimia 20 kufikia mwaka 1981 ili kupambana na mfumuko wa bei nyumbani kwake. Deni lililoonekana kubebeka likawa jiwe shingoni.

Mwaka 1986 Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Masharti yalikuwa kubana matumizi, kushusha thamani ya shilingi na kuwafanya wananchi wachangie gharama za huduma. Ada zikarudi shuleni, na nchi iliyokuwa imekaribia kuwaandikisha watoto wake wote shule ya msingi ikaona uandikishaji ukirudi nyuma. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha wa sehemu kubwa ya deni lake chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikafutwa. Madarasa yakafurika. Ukiwa na kaka au dada aliyeanza darasa la kwanza miaka ile, muulize walikuwa wangapi kwenye dawati moja. Ndipo utaona kwamba "deni la taifa" si maneno ya magazetini, linaingia darasani.

Sasa, kanuni za mikopo hiyo hupangwa na nani? Ndani ya IMF kura hufuata fedha. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5 ya kura, na maamuzi makubwa kabisa yanahitaji asilimia 85. Piga hesabu mwenyewe: nchi moja inaweza kuyazuia. Kura za Tanzania hazifiki hata asilimia 1. Tangu vyombo hivi vianzishwe baada ya mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944, mkuu wa IMF amekuwa mtu wa Ulaya, na rais wa Benki ya Dunia amekuwa raia wa Marekani.

Mfano wa karibuni ni Agosti 2021, wakati wa janga la UVIKO-19. IMF iligawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa wanachama wake wote, kwa kufuata hisa za kila nchi. Bara zima la Afrika lilipata takriban dola bilioni 33. Waliohitaji zaidi walipata kidogo, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kanuni yenyewe ndiyo inayotaka hivyo.

Mtu anaweza kusema: lakini wanatupa misaada. Ndiyo, na misaada imeokoa maisha. Lakini lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao, lililokubaliwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, hutimizwa na nchi chache tu. Na msaada ni hiari ya mtoaji. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi zilizolitegemea katika nchi nyingi zikasimama. Bei nzuri ya zao lako unaweza kuidai. Msaada huwezi kuudai.

6. Na sisi je?

Ningeishia hapo, ningekuwa nimekufundisha nusu ya somo, nawe ungekuwa kama yule mtahiniwa wa nukta. Kuna yanayotuhusu sisi wenyewe.

Jopo la Umoja wa Afrika na Kamisheni ya Uchumi ya Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki, Rais mstaafu wa Afrika Kusini, lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa fedha zinazotoroshwa isivyo halali. Sehemu kubwa ni ya makampuni yanayodanganya bei na faida ili yakwepe kodi. Lakini mkataba mbovu una pande mbili. Upande wetu kuna aliyetia saini, na kuna aliyefumba macho bandarini.

Vile viwanda vya korosho nilivyovitaja, vingi viliacha kufanya kazi. Sababu zilikuwa nyingi: mitambo isiyofaa, uzalishaji ulioshuka, usimamizi dhaifu. Sehemu kubwa ya korosho zetu ikaendelea kusafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, kubanguliwa huko, na kuuzwa na wao. Hilo hatuwezi kumwachia mkoloni peke yake. Mkulima akicheleweshewa malipo yake kwa miezi, anayemchelewesha hakai New York.

Kwa hiyo usichague kati ya "wao" na "sisi". Nafasi mbaya inalindwa kutoka nje na inalindwa pia kutoka ndani, na mara nyingi wanaoilinda hukutana meza moja.

7. Waliohama nafasi

Kama umaskini ungekuwa tabia ya watu, hakuna nchi ambayo ingeutoka katika kizazi kimoja. Lakini zimetoka.

Mwaka 1960 pato la mtu la Korea Kusini halikulizidi la Ghana. Nchi ilikuwa imeharibiwa na vita na haikuwa na madini ya kutegemea. Serikali iligawa ardhi, ikasomesha watoto, ikawapa wenye viwanda mikopo nafuu kwa sharti kwamba wauze nje. Ilisaidiwa pia na misaada mikubwa ya Marekani, na kwa miaka mingi ilitawaliwa kwa mkono wa chuma, jambo ambalo hatuna haja ya kuliiga. Leo huuza meli, magari na simu, na tangu mwaka 2010 imo katika kundi la nchi zinazotoa misaada. Wakorea hawakubadilika damu. Walichobadilisha ni kile wanachouza.

Vietnam ilianza mageuzi yake mwaka 1986, ikiwa maskini sana. Leo ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, na inaongoza kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, nyingi zikiwa zimenunuliwa ghafi Afrika. Fikiria: korosho inatoka Mtwara, inavuka bahari, na nchi isiyokuwa tajiri kuliko sisi miaka 40 iliyopita ndiyo inayopata ajira ya kuibangua.

Hata Afrika ipo mifano. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Ilipata almasi, ikajadiliana kwa uangalifu na kampuni iliyochimba, na mwaka 2013 kampuni hiyo, De Beers, ilihamisha shughuli zake za kuuza almasi kutoka London hadi Gaborone. Bado Botswana ina tofauti kubwa kati ya matajiri na maskini wake, na kutegemea almasi pekee ni hatari. Lakini nafasi iliihama. Ethiopia nayo hunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa yake, hivyo ina soko nyumbani, na mwaka 2007 ilifikia makubaliano na kampuni ya Starbucks kuhusu haki ya majina ya kahawa zake za Sidamo, Harar na Yirgacheffe.

Februari 2025 nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa zilikutana Dar es Salaam, na suala la kusindika kahawa barani humu lilikuwa katikati ya mazungumzo. Maneno ya mkutano hayakaangi kahawa. Lakini umri wako unakuruhusu kuyafuatilia kwa miaka 40 ijayo, na kuuliza yalipofikia.

8. Utakapolikuta swali hili

Ukiulizwa kuhusu pengo kati ya nchi tajiri na maskini, kwanza eleza pengo kwa tarakimu moja au mbili unazozikumbuka kwa hakika. Kisha shika zao au mkopo mmoja na uonyeshe hatua kwa hatua thamani inapokwenda. Taja sababu za nje na za ndani, na kila sababu uipe mfano. Jibu hoja ya anayekupinga. Malizia kwa nchi iliyoihama nafasi, ili msomaji aone kwamba hulalamiki tu.

Na neno "uvivu" likikujia kalamuni, simama kidogo. Mfikirie mtu mmoja unayemjua ambaye huamka kabla ya jua na bado hana. Kama huwezi kumwandikia yeye neno hilo kwa jina lake, usiliandikie taifa zima.

Jipime

1. Eleza tofauti kati ya kusema umaskini ni "sifa" na kusema umaskini ni "nafasi". Tumia mfano mmoja kutoka kwenye makala.
2. Kwa nini mwandishi anasema gharama za mgahawa wa Zürich "ni ajira za upande huohuo"?
3. Mwandishi anakanusha hoja kwamba ushuru wa Ulaya ndio unaoizuia Tanzania kukaanga kahawa. Taja sababu nne anazozitoa badala yake, kisha eleza ipi unaiona kuwa nzito zaidi na kwa nini.
4. Chagua zao au bidhaa moja inayotoka wilayani kwako. Andika insha ya maneno yasiyopungua 350 ukionyesha inakokwenda, inabadilishwa wapi, na nini kifanyike ili sehemu kubwa zaidi ya thamani yake ibaki nyumbani.